Tathmini ya Kiendelezi cha Bitwarden: Thamani ya Kukataa Kujaza

Watu wengi husakinisha kiendelezi cha kutunza manenosiri, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kwa sababu wamechoka kuyakumbuka. Sababu hiyo inatosha kuanzia, ila kwa muda ambao nimekitumia kiendelezi cha Bitwarden katika kazi zangu za kila siku, kwenye Firefox na kwenye Chrome, nimeona kwamba manufaa yake makubwa yako kwingine. Kiendelezi hiki husoma anwani ya tovuti kwa usahihi ambao jicho la binadamu haliuwezi, na kisipoitambua anwani hiyo hakileti chochote. Tathmini hii itakaa zaidi kwenye jambo hilo, pamoja na mipangilio michache ambayo mtumiaji akiiacha bila kuiangalia atakuwa amejipunguzia ulinzi.

Kwa ufupi, Bitwarden ilianza kutolewa mwaka 2016, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Toleo la bure halina kikomo cha idadi ya manenosiri wala cha vifaa, na kwa mtumiaji wa kawaida linatosha kabisa. Kiendelezi hukaa kwenye upau wa juu wa kivinjari. Ukibofya aikoni yake, unaandika nenosiri kuu, lile moja linalofungua mengine yote, na hifadhi ya manenosiri yako inafunguka. Intaneti ikikatika bado unaweza kusoma yaliyomo, isipokuwa huwezi kuyahariri mpaka mtandao urudi.

Sasa tuje kwenye anwani. Kila nenosiri unalohifadhi huambatanishwa na anwani ya tovuti yake. Unapofika kwenye ukurasa wa kuingia, kiendelezi hulinganisha anwani iliyoko kwenye kivinjari na zile zilizomo kwenye hifadhi, na zikilingana, tarakimu ndogo hutokea juu ya aikoni kukujulisha kwamba kuna akaunti inayohusika. Chukua mfano wa barua pepe ya kitapeli inayokupeleka kwenye ukurasa ulionakiliwa kwa ustadi, wenye nembo ileile, rangi zilezile na maneno yaleyale, ila katika anwani herufi “l” imebadilishwa ikawa tarakimu “1”. Mtu mwenye haraka ataipita tofauti hiyo bila kuiona, lakini kwa kiendelezi hiyo ni tovuti nyingine kabisa, kwa hiyo tarakimu haitokei na visanduku vinabaki vitupu. Wakati huo ndipo mtumiaji anapojaribiwa kufungua hifadhi, kutafuta nenosiri mwenyewe, kulinakili na kulibandika, na akifanya hivyo anamsaidia tapeli kuuvuka ukuta uliokuwa umeshamzuia. Namshauri kila anayeanza kukitumia ajizoeze kusimama pale kiendelezi kinaponyamaza, aisome anwani herufi kwa herufi, kisha aiandike upya mwenyewe au aifungue kupitia hifadhi yake. Wakati mwingine atakuta kwamba tovuti halali imehamishia ukurasa wa kuingia kwenye kikoa kingine, yaani jina jingine la tovuti, na hapo ataongeza anwani mpya baada ya kuihakikisha.

Ulinganishaji huo una viwango, na hapa ndipo mipangilio inapohitaji mkono wako. Bila kubadilisha kitu, Bitwarden huangalia kikoa kikuu tu, kama google.com, hivyo akaunti iliyohifadhiwa kwa accounts.google.com itapendekezwa pia kwenye mail.google.com, jambo ambalo kwa kampuni ya namna hiyo ndilo unalolitaka. Kwa mfanyakazi wa taasisi ambayo mfumo wa mishahara, wa maktaba na wa barua pepe yote iko chini ya kikoa kimoja, kila ukurasa utamletea orodha ya akaunti zote, na kuchanganya nenosiri la mfumo mmoja na mwingine inakuwa rahisi mno. Dawa yake ni kufungua kila akaunti ya namna hiyo na kuchagua ulinganishaji wa jina kamili la seva. Kazi hiyo inachosha kidogo mwanzoni, lakini ukishaimaliza huirudii.

Kuhusu kujaza kwenyewe, naipenda zaidi njia ya kibodi: Ctrl, Shift na L kwa pamoja, na kama kuna akaunti zaidi ya moja, ukibonyeza tena inakuja inayofuata. Kipo pia kipengele cha kujaza mara tu ukurasa unapofunguka, ambacho Bitwarden yenyewe hukiacha kimezimwa, na naomba msomaji asikiwashe. Ukurasa ulioingiliwa na wadukuzi unaweza kubeba visanduku vilivyofichwa, na kiendelezi kinachojaza bila kuombwa kitavijaza kabla mwenye akaunti hajagusa chochote. Menyu ndogo inayojitokeza ndani ya kisanduku nayo ina historia yake. Mwaka 2025 mtafiti Marek Tóth alionyesha jinsi ukurasa wenye nia mbaya unavyoweza kuifanya menyu ya aina hiyo isionekane, kisha ukamhadaa mtumiaji aibofye akidhani anafunga tangazo, na taarifa za kadi ya benki zikatoka. Udhaifu huo uligunduliwa katika viendelezi kadhaa vinavyojulikana, kikiwemo hiki, na Bitwarden walitoa marekebisho mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, anayetumia kibodi hana haja na menyu hiyo, na anaweza kuizima kwenye mipangilio bila kupoteza kitu.

Kitengeneza manenosiri kimeundwa vizuri, ingawa kinakutana na tovuti zisizoeleweka. Unachagua urefu, tuseme herufi 20, pamoja na tarakimu na alama, unabofya, nenosiri linapatikana. Tatizo huja pale ukurasa wa kujiandikisha unapokata herufi za mwisho kimyakimya kwa kuwa unapokea 16 tu: hifadhi inabaki na nenosiri refu, tovuti inabaki na fupi, na safari ya pili unaambiwa umekosea. Kabla ya kubofya kitufe cha kujiandikisha, hesabu nukta zilizomo kwenye kisanduku. Kitengeneza hicho hutunza pia historia ya manenosiri kiliyoyatoa, na ukurasa ukijifunga kabla hujahifadhi, historia hiyo itakuokoa.

Nenosiri kuu ndilo linalobeba uzito wote. Halitumwi kwa kampuni kama lilivyo. Hifadhi husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kwenye kifaa chako kabla ya kupelekwa kwenye seva, na ufunguo wake hutokana na nenosiri kuu baada ya kukokotolewa kwa mizunguko 600,000 katika mpangilio wa kawaida wa PBKDF2, mbinu inayorudia hesabu mara nyingi ili kila jaribio la kukisia nenosiri lichukue muda. Umuhimu wa mizunguko hiyo ulidhihirika mwaka 2022, nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, huduma nyingine ya kutunza manenosiri, zilipoibwa: aliyekuwa na nenosiri kuu refu alibaki na kinga imara, mwenye nenosiri dhaifu na mizunguko michache aliachwa wazi, na anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa kabisa. Bitwarden husimba hata anwani hizo. Upande wa pili wa ulinzi huu ni kwamba ukilisahau nenosiri kuu, kampuni haiwezi kukurudishia hifadhi yako. Chagua maneno matano au sita yasiyohusiana, yapatikane kwa bahati nasibu, yaandike kwenye karatasi na uifungie mahali salama. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na msimbo wa dharura utakaopewa uuweke kwenye karatasi hiyohiyo.

Lisilotatuliwa na mipangilio yoyote ni kwamba kiendelezi hiki kinaishi ndani ya kivinjari pamoja na viendelezi vingine. Kile cha kubadilisha rangi za kurasa au cha kupakua video, kikiwa kimepewa ruhusa ya kusoma kurasa zote, kinaweza kuliona nenosiri likishajazwa kwenye kisanduku. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mtunza manenosiri, fungua orodha ya viendelezi vyako na uondoe kila usichokitumia. Weka pia muda mfupi wa hifadhi kujifunga, dakika 15 kwa mfano, kwa sababu chaguo la kusubiri hadi kivinjari kianzishwe upya huiacha wazi kutwa nzima kwa watu tusiokizima kivinjari.

Kwa mwenye kompyuta yake mwenyewe, nakipendekeza kiendelezi hiki bila kusita, na kwa familia inayotumia kompyuta moja nakipendekeza kwa sharti kwamba kila mtu awe na akaunti yake ya mfumo wa uendeshaji. Kwenye kompyuta ya umma kisisakinishwe kabisa; hapo soma nenosiri kwenye simu yako na uliandike kwa mkono, na kama akaunti yenyewe ni ya fedha, subiri ufike kwenye kifaa chako.