Vichujio vya koki vya Flint: chombo kizuri kwa kazi isiyokuwa yake

Vichujio vya kufunga kwenye koki, hasa Brita na PUR, ambavyo jimbo la Michigan, Marekani, liligawa bure mjini Flint kuanzia Oktoba 2015 baada ya maji ya bomba kuingiwa na risasi, vinaondoa madini hayo ya risasi. Mkazi anayevishuku kwa kuwa vilitoka kwa serikali iliyomwambia maji ni salama ana kila haki ya kuishuku serikali hiyo. Kichujio chenyewe kina vipimo vyake.

Alama ya kutafuta kwenye boksi ni NSF/ANSI 53, kiwango cha Marekani cha kupimia vichujio, na risasi iwe imetajwa waziwazi, kwa sababu namba hiyo inahusu uchafu wa aina nyingi. Chenye namba 42 peke yake ni cha ladha, klorini na chembechembe. Ili kupata 53 kwa risasi, kichujio hupewa maji yenye mikrogramu 150 kwa lita. Wakati ule kilitakiwa kuyatoa yakiwa na zisizozidi 10, na leo kiwango ni 5. Januari 2016 baadhi ya nyumba za Flint zilivuka hata hiyo 150, watu wakaingiwa na hofu. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilipima majumbani na Juni mwaka huo ikathibitisha kuwa vichujio vilimudu.

Kabla ya kufunga, fungua kiwavu kilicho kwenye mdomo wa koki na ukisafishe, maana chembe za risasi hukwama hapo. Chagua adapta inayoingia kwenye nyuzi za koki yako, hakikisha washa ya mpira imekaa sawa, kisha kaza kwa mkono. Ukitumia nguvu, plastiki hupasuka na maji huvuja pembeni. Kartriji mpya, yaani sehemu ya ndani inayochuja, ipitishiwe maji baridi kwa dakika 5. Koki zenye kichwa cha kuvuta hazipokei vichujio hivi kabisa.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni maji ya moto. Yakizidi nyuzi 38 za selsiasi yasipite kwenye kartriji, kwani yanaiharibu. Na kuchemsha hakuondoi risasi: maji hupungua kwa mvuke, risasi inabaki palepale.

Kartriji hutajwa kudumu galoni 100, yaani kama lita 378, au miezi miwili hadi minne kutegemea aina. Hesabu ya kweli ni ya lita. Familia inayokunywa, kupika na kukoroga maziwa ya mtoto kwa lita 10 kwa siku inaimaliza kabla ya siku 38, kalenda ikisema bado.

Sasa tazama kazi yote hiyo imeangukia kwa nani. Ilipaswa kufanyika kwenye mtambo wa kusafishia maji. Maji ambayo Flint iliyapata awali kutoka Detroit yalikuwa na fosfeti, inayojenga utando ndani ya bomba na kuzuia risasi isiyeyuke. Tarehe 25 Aprili 2014, mji ukiwa chini ya Darnell Earley, msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na Gavana Rick Snyder, Flint ilihamia maji ya mto wake, yenye kloridi nyingi zaidi, na fosfeti haikutiwa. Utando ukabanduka. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalikula vipuri. Wakazi waliendelea kuyanywa hadi 16 Oktoba 2015.

Lawama ya kwanza ni ya idara ya mazingira ya jimbo, na kamati iliyoundwa na gavana mwenyewe ilisema hivyo Machi 2016. Idara iliuambia mtambo usubiri vipindi viwili vya upimaji, vya miezi sita kila kimoja, badala ya kuzuia mabomba yasiliwe na maji tangu siku ya kwanza. Mwaka 2015 sampuli mbili kati ya 71 ziliondolewa kwenye hesabu, na kipimo cha mji kikashuka hadi mikrogramu 11 kwa lita, chini ya kikomo cha 15. EPA nayo ilichelewa, ingawa mtaalamu wake Miguel Del Toral aliandika onyo Juni 2015. Snyder alishtakiwa Januari 2021 kwa kupuuza wajibu. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan ikaona utaratibu uliotumika haukuwa halali, na mwaka 2023 mashtaka yakaisha. Fidia ya dola milioni 626 sehemu kubwa ililipwa na jimbo, maana yake mlipa kodi.

Nyumba iliyobadilishiwa bomba la risasi isivue kichujio siku hiyohiyo. Kuchimba na kukata hutikisa chembe zilizobaki, hivyo fungua koki zote za maji baridi zitiririke, safisha viwavu tena, na uendelee kuchuja kwa miezi sita.