Soba (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha ulevi na madawa) ya Kigamboni nilikompeleka mdogo wangu, nyota 4 kati ya 5

Mdogo wangu ana miaka 22, bangi kaanza tangu sekondari, na mwaka huu kashapiga watu kijiweni mpaka mjumbe akaja nyumbani kutuambia tumtoe mtaani la sivyo anaita polisi. Sisi wote tulishahukumu, ni bangi hiyo basi.

Sasa nilichowapendea hawa watu, siku ya kwanza tu mshauri wao (naye katumia zamani, hafichi) hakuanza na mahubiri, alitoa daftari la kaunta akachora mistari akawa anauliza ugomvi mmoja mmoja, ilikuwa siku gani, alikuwa na nani, katumia nini. Tukahesabu 6. Mitano yote ni usiku wa pombe, zile kali za chupa ndogo, bangi ikaja juu yake. Mama alinyamaza kabisa, maana pombe kwetu hakuna aliyekuwa anaihesabu.

Ule wa 6 ndo ulimshtua mshauri. Pombe hakuna, kavuta skanka siku 3 hajalala, akamcharaza jirani na ufagio eti anamrekodi. Akatuambia wazi skanka ina THC (ile kemikali ya bangi inayolewesha) nyingi kuliko bangi ya kawaida, na kijana aliyeanza mapema inaweza kumfikisha kwenye kusikia sauti na kuona watu wanamfuata, akatuandikia barua twende kwanza kwa daktari wa akili, na hela yetu alikuwa hajaishika bado.

Halafu mjue bangi haina dawa ya kunywa kila asubuhi kama methadone ya watu wa heroini, ile Muhimbili walianza kuitoa 2011, kwa hiyo msimpeleke mtu mkidhani atapewa kikombe apone. Wiki ya kwanza dogo hakulala, chakula hataki, mkali kwa kila mtu, nikapigiwa simu usiku nikajua wanamfukuza kumbe wananiambia tu leo kala.

Nyota niliyokata ni ya neti. Wanalala 8 chumba kimoja, mbu wa kule mnawajua, na neti zimetoboka. Kwa laki 3 kwa mwezi hapana jamani, rekebisheni. Wali maharage kila siku sina neno.

Ana mwezi wa pili sasa. Jumapili alimwomba mama ndala, na namba ya yule jirani.