Maji ya kunywa nyumbani: nunua yapi kama kuna mwenye presha au sukari

Anza na sodiamu, ile ya kwenye chumvi, kisha floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa. Kalsiamu na magnesiamu, ambazo wauzaji huzipigia debe, ziangalie mwisho.

Piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya miligramu 2000 za sodiamu kwa siku, chakula na vinywaji pamoja. Kisima kilichoingia chumvi kikiwa na miligramu 500 kwa lita, lita mbili zimemaliza nusu kabla hujagusa mboga. Magnesiamu ni kweli inasaidia mwili kutumia insulini, na tangu miaka ya 1950 tafiti kadhaa zimeona vifo vya moyo vikipungua penye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, ingawa si zote. Ila chupa yenye miligramu 25 kwa lita inakupa kiasi ambacho konzi la karanga linakupa kwa bei ya chini zaidi.

Namba moja kwa mkazi wa Dar es Salaam: maji ya bomba ya mto Ruvu, yachemshwe. Chumvi yake kidogo, na hayana mpinzani kwa bei. Ule utando mweupe chini ya birika ni chokaa tu, hauna madhara.

Namba mbili ni dumu la lita 18.9. Liwe na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na lebo inayotaja kila madini kwa miligramu kwa lita. Mwenye presha atafute sodiamu chini ya 20. Dumu lenye lebo iliyoandika “madini asilia” bila tarakimu, liache dukani.

Namba tatu, mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba unaozuia madini. Ukiwa eneo la Maji ya Chai au kwingine Arumeru, Arusha, ipande iwe ya kwanza: miamba ya volkano inatia floraidi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua, floraidi hubaki. RO huondoa pia kalsiamu na magnesiamu. Ulezi, maharage na dagaa watafidia. Uliza bei ya vichujio vya kubadilisha kabla ya kulipia mashine.

Na usibabaishwe na maonyesho. Mwuzaji huchovya vyuma viwili vyenye umeme kwenye maji yako, yanageuka rangi ya kutu, ya kwake yanabaki meupe. Kutu hiyo imetoka kwenye vyuma vyake. Maji yenye madini hupitisha umeme vizuri, basi. Kipima TDS, kinachoonyesha jumla tu ya vilivyoyeyuka majini, nacho hakijui floraidi wala vijidudu.

Nne, maji ya boza kutoka visima vya chumvi: ya kufulia na kudekia. Kuyachemsha hakuondoi chumvi.

Mkiani kabisa naweka maji ya alkalini, yaani yaliyofanywa kinyume cha asidi. Asidi ya tumbo inayamaliza mara yakifika, na anayekwambia yanaponya kisukari anataka pesa yako. Mwenye figo dhaifu asinunue maji yaliyoongezwa madini kabla ya kumwonyesha daktari lebo.