Maabara ya udongo na maji mjini Malindi: walichogundua kwenye tungule zangu

Nalima tungule Mambrui, karibu na bahari, kwa maji ya kisima. Misimu miwili mfululizo zilioza kitako: tunda laanza kuiva, chini pafanya baka jeusi, gumu kama ngozi kavu. Duka la pembejeo waliniambia shamba limekosa kalsiamu, wakaniuzia dawa ya kupuliza. Nikapuliza, na vitako vikazidi kuoza.

Ndipo nikaenda kwenye maabara hii. Nilibeba bonge moja la udongo nililochimba mlangoni mwa shamba, na kijana wa mapokezi akanirudisha nalo kwa adabu. "Mama, chota sehemu kumi na tano, ukipita shamba lote kwa kombokombo, kina cha shubiri moja, kisha uchanganye kwenye ndoo ya plastiki." Ndoo ya bati hawaitaki, maana imepakwa zinki, na zinki ni moja ya vitu wanavyopima. Uanike kivulini, ulete nusu kilo. Na chupa ya maji ya kisima. Hayo maji mimi sikuyawaza kabisa, na kwa hilo pekee nawashukuru.

Nilipoyapeleka nilimwomba dada anayepima anionyeshe anavyofanya, akakubali. Aliyazimua maji yangu kwanza, akatia matone ya kromati ya potasiamu, yakawa manjano. Juu ya chupa kuna mrija mrefu wa kioo wenye alama, ndani mna nitrati ya fedha, naye aiachia tone kwa tone huku akitikisa. Kila tone likiingia, maji yafanya wingu jeupe: fedha imeshikana na kloraidi ya chumvi. Kloraidi ikimalizika, fedha yarukia ile kromati, na rangi yageuka kuwa kama ya tofali. Hapo afunga koki, asoma alama. Aliniambia mbinu hiyo ni ya Mjerumani, Karl Friedrich Mohr, tangu 1856. Maji ya mvua ya birika langu, niliyobeba ya kunywa, yaligeuka karibu papo hapo. Ya kisima yalimeza nusu ya mrija, na hapo yalikuwa yamezimuliwa.

Meza ya pili walikuwa wakipima iodini katika chumvi ya Gongoni, na mahindi ya mtu kama yana sumukuvu, ambayo Kenya haitakiwi kupita mikrogramu 10 kwa kilo.

Lawama yangu ni moja, nayo ni kubwa. Majibu yalichukua wiki tatu, yakaja ni karatasi ya tarakimu tupu kwa Kiingereza. Mkulima atajua nini hapo? Ilibidi nirudi kuuliza. Nilipouliza, lakini, yule dada aliketi nami mpaka nikaelewa. Udongo una pH (kipimo cha uchachu) 8.1, yaani si mchachu, na kalsiamu tele, si ajabu, shamba limekalia matumbawe. Ila chumvi yake ni 4.6 desisimensi kwa mita, na tungule huanza kupunguza mazao ikipita 2.5. Kalsiamu hupanda mmeani pamoja na maji. Chumvi ikiuzuia mzizi kunywa, tunda hukosa kalsiamu ilhali imejaa pale pale chini. Kumbe pesa zangu za dawa nilikuwa nikizimwaga.

Udongo na maji kwa pamoja havikufika shilingi 5,000. Dawa ya misimu miwili ilinila zaidi.

Pia alinieleza kwamba maji baridi, yale yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari huko chini, na pampu ikivuta kutwa nzima, ya munyo hupanda. Sasa navuta kidogo asubuhi, nakiacha kisima kipumzike. Tungule nimezihamishia kipande cha juu, karibu na birika. Kile cha chini nimekiacha mvua za masika zikisuuze. Zikikatika nitapeleka nusu kilo nyingine, nione ile 4.6 imeshuka mpaka wapi.