TRP Spyre kwenye baiskeli ya mizigo yenye usukani wa resi: ninavyoziona huku Kigoma

Nazungumzia breki za diski zinazovutwa kwa waya, TRP Spyre, ambazo nimezifunga mbele na nyuma kwenye baiskeli niliyoundiwa kwa ajili ya kazi. Mimi ni afisa mifugo. Nazunguka vijiji vya Buhigwe na Kasulu na chanjo ya kideri ndani ya kisanduku cha barafu, na juu yake kuna maji, spea, na nguo za kulalia hukohuko. Keria ikishajaa, mimi na baiskeli tunakuwa mzigo mmoja mzito, na barabara ya kutoka Manyovu kuja Mwandiga inashuka, inakata kona, inashuka tena. Mwenzangu aliyeko Tabora mjini anatumia breki za raba za kawaida na wala halalamiki, maana kule ni tambarare. Huku kwetu ziwa liko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, vijiji viko juu milimani, na kurudi nyumbani ni kuteremka.

Ugumu wa kuchagua uliletwa na usukani. Nilitaka wa resi, ule uliojikunja kama pembe za kondoo dume, kwa sababu ule ulionyooka unaniumiza viganja nikikaa juu yake kutwa. Huu unanipa sehemu nyingi za kushika. Lakini mikono ya breki ya usukani wa resi kwa kawaida inavuta waya kidogo tu, na V-breki, zile za mikono mirefu zilizojaa kwenye baiskeli za milimani, zinahitaji kuvutiwa waya mwingi. Fundi wangu pale Mwanga alizifunga kwa majaribio baiskeli ikiwa bado juu ya stendi. Akazungusha tairi, akabana.

"Daktari, angalia. Mkono umeshagusa usukani, tairi bado linakwenda."

"Kaza waya kidogo, fundi."

Akakaza mpaka raba zikawa zinaikwangua rimu bila hata kushika breki. Hapo ndipo penye siri yote ya jambo hili: mkono na breki lazima viwe vimetengenezwa kwa kipimo kimoja cha kuvuta waya. Ukikosea hapo, hata ununue breki ghali namna gani, hazitakufaa. Ukigeuza, yaani mkono unaovuta waya mwingi kwenye breki inayotaka kidogo, mkono unakuwa mgumu kama jiwe na nguvu haifiki kwenye tairi.

Njia za kutoka zipo. Tektro wana mkono wa RL520, wa usukani wa resi lakini wenye mvuto mrefu, yaani unaovuta waya mwingi, nao unapatana na V-breki vizuri. Kama gia zako unazibadilishia kwenye ncha za usukani au kwenye fremu, hiyo ni njia nzuri na ya gharama ya chini. Kama unataka ile mikono inayobeba breki na gia kwa pamoja, RL520 haikufai. Kuna V-breki fupi ambazo zinakubali mikono ya kawaida ya resi, ila raba zake zinakaa karibu mno na rimu: rimu ikipinda kidogo tu inasugua, na tairi pana lenye madigadi halipati nafasi. Kwa barabara ya lami pekee ningezikubali. Kwa njia za Kasulu wakati wa masika, hapana.

Kantileva, breki za rimu zenye mikono miwili inayounganishwa na waya mfupi wa kati, ndizo zilizobeba watu wengi wa safari ndefu kwa miaka mingi, na ninaziheshimu. Zinapitisha tairi nene na matope, na zinaendana na mikono ya resi. Lakini kuzitega kunahitaji fundi mvumilivu, na jambo moja linanitisha: waya mkuu wa mbele ukikatika, ule waya mfupi wa kati unaweza kudondokea tairi lenye kashata, yaani vinundu vya kushika ardhi, na kulizuia ghafla. Ukizichagua, weka kizuizi chini ya taji la foki au madigadi ya kuudaka. Tena breki zozote za rimu zina adui mmoja huku kwetu. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, udongo mwekundu unaingia kwenye raba, unageuka msasa, na rimu inaliwa ukutani. Rimu ikishaliwa ukuta, unabadilisha gurudumu zima. Diski ikiliwa, unabadilisha diski.

Breki za hidroliki, yaani za diski zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, zina nguvu kuliko zote nilizozitaja, na zinabanwa kwa kidole. Sikuzitaka. Shimano wanatumia mafuta ya madini, kuna nyingine zinazotumia mafuta ya DOT, na ukichanganya unaua sili. Bomba likichanika njiani, kijijini nitaazima nini? Waya wa breki nitaupata kwenye gulio lolote lenye muuza spea za baiskeli, mara nyingi wenye vichwa viwili, unakata kimoja unabaki na kinachoingia kwenye mkono wako.

Ndipo nikafika kwa Spyre. Sifa yake kubwa ni kwamba padi zote mbili zinasogea kuibana diski kutoka pande zote mbili. Avid BB7, ambayo nayo ni breki imara na inarekebishika kwa vidole bila spana, inasukuma padi moja tu na kuipindisha diski hadi iguse ya pili, kwa hiyo inadai itegwe kwa makini zaidi. Spyre ninaitega haraka, hata kukiwa na giza.

Mnunuzi awe macho na jina. Spyre ni ya mvuto mfupi, wa mikono ya resi. Spyke inafanana nayo sana lakini ni ya mvuto mrefu. Duka nililoagizia lilinitumia Spyke ingawa niliandika Spyre waziwazi, na mabishano ya kurudisha yalinichosha. BB7 nazo ziko za barabara na za milimani, soma boksi. Mikono niliyofunga ni Tektro RL340, ya mvuto mfupi.

Kava ya waya ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Ile laini inajibana unaposhika breki, na nguvu yako inaishia humo. Tulipoweka kava ngumu ya breki isiyojibana, breki zilibadilika kabisa, hasa ya nyuma yenye waya mrefu. Usikubali kava ya gia itumike kwenye breki, inaweza kupasuka ukiwa katikati ya mteremko.

Kwa utendaji nimeridhika. Nikishuka na kisanduku kimejaa, nabana kwa nguvu fupifupi kabla ya kona, naachia, nabana tena, ili diski zipate kupoa. Mvua ikinyesha zinakamata karibu sawa na kiangazi. Natumia padi za metali kwa sababu zile laini zinakwisha haraka kwenye matope, ila hakikisha diski yako inaruhusu, nyingine zimeandikwa padi laini pekee. Padi za umbo la Shimano B01S zinaingia, na hilo limenisaidia sana kupata spea.

Kero zipo. Bolti ndogo za kusogeza padi zinalegea kwa mtikisiko, nikaomba fundi azitie gundi ya nati. Kalipa ya nyuma, kile chombo kinachoshika padi, ilitaka kugongana na mguu wa keria mpaka tulipoongeza vipande vya kuusogeza nje. Halafu kuna mawese. Fundi anayetoka kutengeneza baiskeli ya mbeba madumu ana mafuta hadi kwenye kucha, na siku moja niliona alama nyekundu ya kidole juu ya diski yangu. Niliifuta kwa spiriti palepale kabla gurudumu halijazunguka. Yakifika kwenye padi yananywewa, breki zinapiga kelele na kuteleza, na padi hizo ni za kutupa. Mwambie fundi ashike gurudumu kwa tairi au spoki.

Na kama fremu yako haikuzaliwa na diski, usichomelee kishikio kwenye foki nyembamba ya zamani. Breki ya diski inaukandamiza mguu mmoja wa foki, pale chini karibu na ekseli. Yangu ilitoka na foki nene iliyotengenezewa diski, na spoki za mbele zimepishanishwa kwa sababu nguvu ya kusimama inapita kwenye habu kwenda nje. Bei ya seti nzima inauma, ukijumlisha habu na foki. Mwenye fremu nzuri yenye vigingi vya kantileva, na njia zake ni za Urambo au Nzega, abaki na rimu, anunue RL520 na V-breki, fedha inayobaki aiweke kwenye matairi.