Kudai fidia ya sanduku lililovunjika, uwanja wa ndege Kigoma: nyota tatu kati ya tano

Mzigo: sanduku gumu la plastiki, gurudumu moja limeng'oka na kona imepasuka. Tiketi: moja, Dubai hadi Kigoma kupitia Dar es Salaam. Shirika silitaji. Nyota tatu ni za malipo, maana pesa ilikuja baada ya wiki tano. Mbili nimezikata kwa sababu ya kaunta.

Jibu la kwanza la kaunta lilikuwa "huo ni uchakavu wa kawaida". Mikwaruzo na madoa sibishani, lakini gurudumu lililong'oka pamoja na kipande cha ganda la sanduku ni pigo, si uchakavu. Dai fomu ya PIR, yaani ripoti ya mzigo ulioharibika au kupotea, kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Namba yake huanza na TKQ kwa Kigoma (Tabora ni TBO), kisha herufi mbili za shirika na tarakimu tano. Bila namba hiyo barua pepe zako zitazungushwa tu. Piga picha ya sanduku zima, ya palipovunjika, na ya lebo ikiwa bado iko kwenye mpini. Lebo usiing'oe mpaka ulipwe.

PIR peke yake si dai, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, na ambao Tanzania imo, unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee mzigo. Ukichukua begi ukanyamaza, inahesabiwa limefika salama, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Hiyo ni dari tu. Unalipwa hasara uliyoithibitisha. Ambatisha risiti ya sanduku. Karatasi ya fundi wa mabegi pale Mwanga, Kigoma mjini, yenye sahihi na neno "halitengenezeki", nayo ilikubaliwa.

Tiketi kuwa moja kulisaidia sana: kipande cha Dar–Kigoma kilihesabiwa ndani ya safari ya kimataifa. Ukikata mbili mbalimbali, hicho cha mwisho ni safari ya ndani, na masharti yake ni mengine.

Dar ukitakiwa kulitoa begi kwa ajili ya forodha, likague palepale. Ukilikabidhi tena likiwa na ufa, watalifunga lebo ya kuondoa dhamana, yaani shirika halitawajibika kwa uharibifu huo, na ukishasaini umejifunga mwenyewe. Lebo hiyohiyo hufungwa kwenye dumu la mawese au ndoo ya asali, isome kwanza.

Wanaweza pia kukupa begi mbadala kutoka stoo. Vuta zipu zote, lisukume hatua kumi. Lile nililoonyeshwa mimi mpini wake haukupanda, nikachagua pesa. Ukilipokea na kusaini, dai limefungwa.