Sanduku la ndege: kabla hujalipa, tia mkono ndani uguse matuta

Meseji ninazopata sana siku hizi ni za watu walionunua sanduku jipya, lebo inasema lita 40, wakalipanga usiku wa kuamkia safari na nguo zilezile walizokuwa wanabeba siku zote, na sanduku halifungi. Wananitumia na picha kabisa, zipu imegoma kwenye kona, wanauliza wamekosea wapi kukunja. Hamjakosea kukunja jamani. Tatizo liko chini ya nguo, kwenye sakafu ya sanduku, sehemu ambayo dukani hakuna anayeiangalia.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala kufuli, wala ule ubishi wa gamba gumu na kitambaa, hayo yameongelewa mpaka yamechosha. Naongelea matuta. Fungua sanduku lolote la magurudumu utaona mabomba mawili ya mkono wa kuvutia yanapita kwa ndani kutoka juu mpaka chini, yamefunikwa na bitana tu. Sakafu inakuwa na matuta mawili marefu, bonde katikati na vibonde pembeni, na kule chini kuna vivimbe vingine viwili pale magurudumu yalipozama ndani. Hebu piga hesabu: sakafu ya sm 50 kwa 35, matuta yakiinuka sm 2 tu, na nguo zako zimekunjwa bapa juu yake, hizo ni sentimita za ujazo 3,500, yaani lita tatu na nusu za hewa unazosafirisha. Kwenye sanduku la lita 40 hizo si chache, hapo ndo jinzi na sweta vilitakiwa vikae. Lita za kwenye lebo hazikwambii kitu kuhusu umbo la hiyo nafasi.

Halafu kuna watengenezaji wanaoficha. Bitana imevutwa kama ngozi ya ngoma juu ya mabomba, ukitazama unaona sakafu imenyooka safi, kumbe imenyooka kwa sababu imeinuliwa yote. Usiamini macho. Bonyeza kwa kiganja katikati, ikibonyea ujue chini kuna uwazi. Pia masanduku mengi yana zipu kwenye bitana, ambayo fundi huifungua akitaka kubadilisha mkono au gurudumu, ifungue hapohapo dukani uone mabomba na skrubu zake. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini mwambie unanunua nafasi, unataka kuiona.

Hii shida ina historia yake. Bernard Sadow alipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya sanduku la magurudumu mwaka 1972 lilikuwa linavutwa kwa mkanda, halina mabomba. Mabomba yalikuja na Robert Plath, rubani wa shirika la ndege la Northwest, mwaka 1987, alipolisimamisha sanduku wima, akaliwekea magurudumu mawili na mkono mrefu unaoingia na kutoka, kampuni ya Travelpro ikatokea hapo. Wazo zuri mno, limeokoa migongo ya watu wengi, lakini ule mkono lazima ulale mahali, na tangu hapo umelala chini ya nguo zetu.

Sasa nayapanga masanduku kuanzia lililo bora kwangu. Namba moja ni kampuni ya Briggs & Riley na sifichi kwamba nawapendelea. Mkono wao umewekwa nje, mgongoni mwa sanduku, kwa hiyo ndani sakafu ni bapa kabisa, unalaza shati linafika na mstari wake wa pasi. Basi, kwangu hilo peke yake linatosha kuwaweka juu. Wana pia modeli unazozipanua, ukapanga, halafu unazikandamiza zirudi saizi ya mwanzo bila kukalia sanduku, na dhamana yao ni ya maisha na inafika mpaka uharibifu uliofanywa na shirika la ndege, kitu ambacho wengi wanakiruka kwa maandishi madogo. Ubaya upo: bei iko juu, na si jepesi, zile za toleo lao la Baseline za kuingia nazo ndani ya ndege zinapita kilo 4. Kama shirika lako linaruhusu kilo 7 tu za mkononi na wana tabia ya kuweka kila begi kwenye mizani, unabaki na chini ya kilo 3 za vitu vyako, hapo hata mimi nisingekushauri.

Wewe wa kilo 7 nenda namba mbili, begi la mgongoni linalofunguka lote kama sanduku. Osprey Farpoint 40, na dada yake Fairview 40 iliyokatwa kwa mwili wa mwanamke, hazina magurudumu, hazina mabomba, zenyewe hazifiki kilo 2. Hapo matuta yamekwisha habari yake. Ila mabega ndo yatakayobeba, na kama uwanja ni mkubwa na geti liko mwisho wa dunia utayasikia, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu asijilazimishe.

Namba tatu ni masanduku ya kitambaa ya magurudumu mawili, Travelpro haohao wanayo mazuri. Matuta yapo lakini magurudumu yamezama ndani ya mwili kwa hiyo urefu unaopimwa uwanjani karibu wote ni wako. Ndo maana nayaweka mbele ya yale ya magurudumu manne ambayo kila mtu anayataka kwa vile yanateleza pembeni yako bila kuinamishwa. Magurudumu manne yananing'inia chini ya sanduku, na shirika linapima kila kitu, gurudumu na kishikio vyote ndani. Ukipewa kikomo cha sm 55 na magurudumu yakala sm 5, mwili ni 50. Wauzaji wengi wanaandika kipimo cha mwili peke yake, mtu ananunua "sm 55" anafika kaunta anaambiwa limezidi, analipishwa getini. Beba tepu yako ya kupimia, pima kuanzia sakafuni sanduku likiwa limesimama.

Hayo ya magurudumu manne yenye gamba la polikaboneti, plastiki ngumu, ni namba nne. Yanafunguka nusu kwa nusu, na kumbuka matuta yako nusu moja tu, mashati na nguo za kazini weka nusu ile nyingine iliyo bapa. Ya bei chee ya ABS, plastiki nyingine, siyaongezei maneno, gamba linapasuka kwenye kona na mkono unalegea mapema, kama ni ya safari moja chukua.

Kama tayari unalo la matuta usilitupe, jaza mabonde kwanza. Soksi na chupi zisikunjwe kuwa mipira, zilaze kwa urefu kati ya mabomba, mkanda wa suruali unyooshe ufuate bomba, waya za chaja vilevile, endelea mpaka ukipitisha kiganja husikii tuta. Viatu viende upande wa magurudumu, na ndani ya viatu tia vitu vidogo. Ndo uanze kulaza vifuko vya kupangia nguo, Eagle Creek wanatengeneza vizuri, ila chagua vyembamba, kifuko kinene juu ya tuta kinayumba. Na vile vya kukandamiza vinapunguza ujazo, uzito haupungui hata gramu, msije mkashangaa kwenye mizani. Pawabenki isiingie sanduku linalopakiwa chini, hiyo inakaa na wewe ndani ya ndege, na mashirika mengi kikomo chake bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi).

Kinachonikera zaidi ni picha za madukani. Kila sanduku limepigwa limefungwa, au limefunguliwa likiwa limejaa nguo zilizopangwa vizuri mpaka sakafu haionekani. Ukiomba picha ya ndani likiwa tupu unajibiwa "ni kubwa dada, linaenea kila kitu". Na ukifika mwenyewe dukani limejazwa makaratasi, ukianza kuyatoa mtu anakukunjia uso. Kingine ni "garantii" za mdomo, sanduku likirudi limevunjwa wanakwambia hilo ni la shirika la ndege, na shirika nalo kwenye safari za kimataifa linataka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kwa hiyo huku unazungushwa na duka siku zinaisha. Andikia shirika kwanza, duka baadaye.

Na hizi seti za matatu yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, ukitaka la katikati peke yake hawakuuzii. Lile kubwa ndo linalopandisha bei ya seti na ndo usilolihitaji, mashirika mengi daraja la kawaida ni kilo 23 na jumla ya urefu, upana na kina sm 158, sanduku la lita 100 ukilijaza nguo, viatu na zawadi linapita kilo 23 kabla halijashiba. La sm 65 hivi linatosha, na nalo likague matuta.